Msamaha au Manufaa?



Wengi wenu ni watu wa Simba au wa Yanga, na wengine mmeoana hivyo hivyo, baba nyekundu, mama kijani. Kwa hiyo mniwie radhi nikigusa habari za mpira katika kurasa hizi. Naona ndani yake mna swali ambalo hata asiyejua tofauti ya kona na penalti hana budi kujiuliza: mtu tuliyemwita msaliti, tunapompokea tena, je, tumemsamehe, ama tumemhitaji tu?

Nawakumbusha habari za Bernard Morrison, mchezaji kutoka Ghana. Alijiunga na Yanga Januari 2020. Tarehe 8 Machi mwaka ule alifunga kwa mpira wa adhabu bao pekee lililowashinda Simba, na Jangwani hapakulalika. Julai, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba walishinda 4-1. Morrison alitolewa, naye badala ya kuketi benchi akaondoka zake uwanjani. Wakati huo tayari palikuwa na ugomvi juu ya mkataba: Yanga wakisema ameongeza miaka miwili, yeye akikana. Agosti, Simba wakatangaza kumsajili. Kamati ya TFF ikaamua ya kwamba alikuwa huru. Yanga wakakata rufaa mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi, na mwaka 2021 wakashindwa huko nako.

Kutoka makao ya Yanga, Twiga na Jangwani, mpaka makao ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, ni mwendo mfupi wa miguu. Katika mwendo huo mtu yule yule aligeuka mwingine. Waliocheka Julai kwamba hana nidhamu, Agosti walisema ni mtundu tu, na wachezaji wenye vipaji ndivyo walivyo. Waliomwimba Machi walimlaani. Kisha Mei 2022 Simba wakampa mapumziko mpaka mwisho wa msimu ili ashughulikie mambo yake binafsi, na Julai Yanga wakamtambulisha tena kuwa wao. Laana zikahama mtaa, na nyimbo nazo zikahama.

Yuko atakayesema: mpira ni kazi. Fundi seremala hatumwulizi mambo ya nyumbani kwake, mradi mlango ufunge. Neno hili lina haki yake. Kumtaka kijana akae na njaa kwa sababu alitukasirisha ni ukatili, na klabu si mahakama. Tena, ikiwa vyombo viwili vilimwona Morrison yuko huru, basi waliomwita mwizi wa mkataba nao walikuwa na deni kwake. Mwaka 2022, alipovaa tena jezi ya kijani, ni nani hasa aliyekuwa akimsamehe mwenzake?

Hapo ndipo ninapokwama na usajili wa namna hii. Hauulizi. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, bwana wake aliyekuwa amemkimbia, hakuona haya kutaja manufaa. Jina lenyewe Onesimo maana yake ni mwenye kufaa, naye Paulo alilichezea jina hilo. Walakini hakuishia hapo. Alisema pia ya kwamba kama kuna deni liandikwe juu yake, naye atalilipa. Hesabu ya zamani ilifunguliwa mezani, wote wakaiona. Kariakoo tunafungua matarumbeta. Mchezaji anapigwa picha na jezi, na ya mwaka juzi yanafunikwa kama mtumba wa jana.

Kipimo changu ni goti. Mchezaji mwenye matatizo akiumia goti, akawa hafungi tena, je, uvumilivu wetu kwa matatizo yake utabaki? Kama utakwisha siku ile ile, basi haukuwa msamaha, ulikuwa bei. Bei si dhambi. Kila siku sokoni tunapatana bei bila kumdanganya mtu. Bali tuiite bei, na mchezaji naye ajue kuwa kilichopokelewa ni mguu wake, asije akadhani amepata ndugu.

Wanaopata taabu zaidi ni wale wanaofundisha watoto mpira katika viwanja vya vumbi vya Ilala na Kigamboni. Huko kijana akitolewa kipindi cha pili, akavua jezi na kwenda zake, Jumamosi inayofuata hapangwi. Naye hujibu, “Mwalimu, mbona Morrison aliondoka uwanjani, na mwezi uliofuata akasajiliwa na waliotufunga?” Mwalimu huyo hana kamati wala mahakama ya Uswisi. Anasimama na filimbi yake mkononi, na watoto wengine kumi na wanne wanangoja atasema nini.