Tusimhukumu mtoto kabla ya kumpima

Nafundisha maarifa ya Uislamu. Nina mwanafunzi wa miaka kumi ambaye akisikia sura fupi mara tatu huwa ameihifadhi, na maswali yake ya fiqhi hunirudisha vitabuni. Lakini mpe mstari mmoja ausome, hutokwa jasho. Mwaka mzima nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Nikamchapa pia.

Mama yake alimpeleka hospitali, macho na masikio yakaonekana mazima. Kisha mtaalamu wa elimu maalumu akampima kusoma, kuandika na kufikiri, kila kimoja peke yake. Ikabainika ana disleksia: akili kali, ila hupata tabu kuunganisha herufi na sauti zake. Si uvivu, si majini, wala si malezi mabaya.

Wapo wasemao kumpima mtoto ni kumbandika jina baya. Mbona jina la "mvivu" tulishambandika bila kipimo chochote? Kuhukumu bila elimu ni dhulma, hata kwa mtoto. Abdullah bin Umm Maktum (RA) alikuwa kipofu, na Mtume (SAW) alimfanya muadhini. Hakulaumiwa kwa asiloliweza, alipewa analoliweza.

Ndugu mzazi, mtoto ni amana. Ukimwona anaelewa akisimuliwa lakini anakwama akishika kitabu, mpeleke apimwe.

Mimi nilimwomba radhi mwanafunzi wangu. Akanijibu: "Ustadhi, nilidhani kweli mimi ni mvivu."