Kukizunguka Kisiwa

Je, mtu aliyekizunguka kisiwa kwa gari ana haki ya kusema kuwa amekijua? Swali hili huonekana jepesi, mpaka kisiwa chenyewe kiwe Unguja na msafiri mwenyewe awe mwalimu wa Kiswahili.

Unguja si kisiwa kikubwa. Urefu wake hukadiriwa kuwa kilomita 85, na mwenye gari zima huweza kuondoka Mjini asubuhi, akapita Tunguu na msitu wa Jozani, akafika Kizimkazi penye msikiti ambao maandishi yake ni ya mwaka 1107, kisha akarejea kwa njia ya Makunduchi, Jambiani na Paje kabla ya magharibi. Sisi tuliotoka Burundi tulifanya hivyo. Upande wa magharibi tuliona udongo mzito, miembe na mikarafuu. Upande wa mashariki ardhi ni mawe ya matumbawe, na wanawake walikuwa wameinama katika maji yaliyokupwa wakifunga mwani kwenye kamba. Kioo cha gari huonyesha migongo yao. Hakionyeshi bei ya mwani wala maumivu ya kiuno.

Lakini kubwa lilitukuta Makunduchi. Tuliposimama kununua madafu tuliwasikia wazee wakizungumza, na maneno mengi yakatupita. Mwenzetu mmoja akanong'ona kwamba watu hawa wamekiharibu Kiswahili. Mzee mmoja, ambaye masikio yake hayakuwa mazito hata kidogo, akageuka na kutuambia kwa lugha ya darasani kabisa: "Karibuni, wanangu. Kile mlichokisikia ni Kikae, ndicho cha nyumbani. Hiki ninachosema nanyi ni cha wageni."

Tuyapime maneno hayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, yaani ya Mjini, iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uchaguzi ule ulikuwa wa haja, kwani vitabu vya shule visingeweza kuandikwa kwa lahaja zote kwa pamoja. Hatuubezi, ndio unaotulisha. Ila kukubaliana juu ya mizani ya dukani si kuhukumu kwamba kila kilichopimwa nyumbani kwa kibaba ni wizi. Kikae hakikuzaliwa na sanifu hata kiweze kuiharibu. Kilikuwapo kabla yake, na mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilikichapishia kamusi.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu akianza kuzihurumia lahaja, mtihani utamshinda mwanafunzi. Hoja hii ina uzito, maana mtihani husahihishwa kwa sanifu, na hapana budi iwe hivyo. Lakini kumwambia mtoto wa Buyenzi, pale Bujumbura, "Hapa tunaandika hivi," ni jambo moja, na kumwambia, "Kwenu hamjui kusema," ni jambo jingine. Maneno haya ya pili tumeyasikia katika vyumba vya walimu, tena aghalabu kwa utani, na jioni mtoto huyachukua akaenda nayo nyumbani kwa mama yake.