Je, Zawadi ya Mkono Ina Deni?

Katika Kinyarwanda kuna kitenzi kimoja, guhemba, chenye kazi mbili. Mwajiri anapompa mfanyakazi ujira wake, tunasema guhemba. Watu wanapokwenda kumwona mama aliyejifungua, wakampelekea chakula, kinywaji, sabuni au nguo za mtoto, hilo nalo tunaliita guhemba. Mgeni anayejifunza lugha yetu hushangaa: inakuwaje malipo na zawadi vikae katika neno moja? Sisi wenyewe hatuulizi, kwa sababu tumelizoea.

Mimi swali hilo lilinijia kupitia sindano za kufumia. Ninafuma nguo za watoto wachanga kwa kujifurahisha: sweta, kofia, soksi na blanketi ndogo. Siuzi. Jirani au ndugu akijifungua, ninakwenda kumwona nikiwa na kitu nilichokifuma mwenyewe. Wafumaji wa aina yangu ninaowafahamu wote wamewahi kuguswa na wazo moja, hata kama hawakulitamka: saa nilizotia katika sweta hii, kuna mtu ninayemdai? Yaani, zawadi ya mkono inamwachia mpokeaji deni ambalo zawadi ya dukani haimwachii? Katika insha hii nitaeleza kwa nini naona haimwachii. Lakini nitaonyesha pia kwamba jibu hilo halinipunguzii mzigo mimi mfumaji, linaniongezea.

Tuanze na saa zenyewe. Sweta ya mtoto mchanga ina mzunguko wa kifua wa sentimita 45 hivi. Kwa uzi ninaoupenda, sentimita 10 huchukua vitanzi 22 kwa upana na safu 30 kwa urefu. Kiwiliwili peke yake kinapita vitanzi 8,000. Ukiongeza mikono miwili, jumla inazidi 11,000. Kila kimoja kimepita kwenye vidole vyangu. Kwa kasi yangu hizo ni saa 12 mpaka 15, mbali na kuunganisha vipande, kuficha ncha za nyuzi na kushona vifungo. Na sweta ya kumfaa mtoto huyo huyo ipo kwenye caguwa, yaani mitumba, ambayo sisi Wanyarwanda tuliipa jina kutokana na neno la Kiswahili "chagua". Mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya uzi nilionunua. Kwa hiyo anayepokea sweta yangu hapokei fedha nyingi. Anapokea saa.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Aristotle aliiona zamani. Katika kitabu cha 9 cha Nicomachean Ethics anauliza kwa nini mtenda wema humpenda aliyetendewa kuliko anavyopendwa naye, ilhali tungetarajia kinyume chake. Jibu lake ni kwamba mtenda wema anafanana na fundi. Fundi huipenda kazi yake kuliko ambavyo kazi hiyo ingempenda yeye kama ingepata uhai. Anawataja washairi na mashairi yao, kisha anawataja akina mama, ambao kuzaa kumewagharimu zaidi. Kilichotugharimu ndicho tunachokipenda.

Naona maneno hayo yanamweleza mfumaji vizuri sana. Nikimtembelea mzazi mara ya pili, macho yangu humtafuta mtoto, lakini kabla ya kumwona mtoto yanaitafuta sweta. Amevaa? Imefuliwa vizuri? Kama sikuiona, moyo unauliza imekwenda wapi. Aristotle angenisaidia kutambua kwamba kwa wakati huo simpendi mtoto wala mama yake. Ninazipenda saa zangu.

Mwaka mmoja nilimfumia mtoto wa jirani sweta ya manjano yenye vifungo vitatu. Miezi michache baadaye niliiona kituo cha basi, imevaliwa na mtoto mwingine aliyebebwa mgongoni na mwanamke nisiyemjua. Rafiki niliyekuwa naye, ambaye naye anafuma, alikasirika kwa niaba yangu. "Angalau angekuuliza kabla ya kuigawa!" alisema. Je, jirani yangu alipaswa kuniuliza?

Nadhani hakupaswa, na sababu ya kwanza ni mwili wa mtoto. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Akitimiza mwaka anakaribia 75. Uzito wake huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa akiwa na miezi mitano hivi, na mara tatu akifikisha mwaka. Sweta ya mtoto mchanga ina kazi ya miezi miwili au mitatu tu. Baada ya hapo ina njia mbili: kwenda kwa mtoto mwingine, au kulala sandukuni ikisubiri nondo. Anayetaka ibaki kwa yule wa kwanza daima anataka ikose kazi. Nguo ya mtoto ni kitu cha kupita kwa asili yake, na mfumaji analijua hilo tangu anapoanza safu ya kwanza.

Msomaji anaweza kunipinga kwa kusema kwamba hakuna zawadi isiyo na deni. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu kuhusu zawadi iliyotoka miaka ya 1920, alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Hata kwetu, asiyekwenda kuwaona wazazi wenzake atajikuta mpweke siku ya kujifungua kwake. Hoja hii ni nzito na siikatai. Lakini tuangalie deni hilo linalipwa kwa nani na kwa kipimo gani. Mama niliyemfumia sweta hatarajiwi kunifumia sweta. Kesho atakwenda kwa mama mwingine na uji, au kuni, au saa mbili za kumfulia nguo. Wajibu upo, ila unasonga mbele. Haurudi kwangu kama mkopo, wala hakuna anayeupima kwa vitanzi. Sweta ya manjano iliyofika kwa mtoto wa kituoni ilikuwa inafanya hivyo hasa. Jirani yangu alikuwa amekwisha kulipa, ingawa mimi sikumjua aliyelipwa.

Sababu ya pili inanihusu mimi. Ninasema ninafuma kwa kujifurahisha. Ikiwa maneno hayo ni ya kweli, basi saa zile 12 zilikuwa zangu na nimezila mwenyewe. Jioni, baada ya masomo, mikono ikipata mwendo wake, kichwa hutulia. Hata kufumua safu kumi kwa sababu kitanzi kimoja kiliporomoka kuna utulivu wake. Siwezi kupata raha hiyo kisha nikamwandikia mwenzangu ankara ya shukrani kwa saa zile zile. Hiyo ni kulipwa mara mbili. Methali inasema tenda wema nenda zako. Ni rahisi kuitamka mtu akiwa ametoa neno jema au kikombe cha chai. Ni vigumu akiwa ametoa wiki mbili za jioni zake. Lakini ukubwa wa wema haubadili sharti. Unalifanya tu kuwa gumu kulitimiza.

Sababu ya tatu ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Sweta si ya mama. Ni ya mtoto, na mtoto hajaomba, hawezi kukataa, hawezi kushukuru wala kulalamika kwa maneno. Mbele ya mtu wa namna hiyo hesabu ya saa haina maana. Swali lenye maana ni moja: nguo hii inamfaa?

Na hapa mzigo unarudi kwangu. Kwa kuwa siwezi kudai shukrani, siwezi pia kujificha nyuma ya nia njema. Ncha ya uzi iliyoachwa huru ndani ya soksi inaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, na mtoto atalia bila mtu kujua sababu. Utepe mrefu wa kofia unaweza kumkaba. Kifungo kisichoshonwa imara huishia kinywani. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, kwa hiyo shingo nyembamba ya sweta, hata kama inapendeza, inamtesa kila anapovalishwa; ni heri sweta inayofunguka mbele. Matundu ya urembo yanayosifiwa na wageni hunasa vidole vidogo.

Uzi nao una maadili yake. Sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hunywea na kuwa ngumu. Kumpa sufu mama mwenye watoto watatu na ndoo moja ya maji ni kumpa kazi. Akriliki hufulika na kukauka upesi, lakini ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Katika nyumba inayopikia kuni au makaa hilo si jambo dogo. Pamba huvumilia kufuliwa, ila ni nzito na hukawia kukauka. Tena mama wa Musanze, chini ya milima ya volkano, ambako usiku ni wa baridi, hahitaji kile anachohitaji mama wa Bugarama, bondeni, ambako kuna joto. Kabla ya kununua uzi inanipasa kuuliza anaishi wapi, nani anafua, na anapikia nini. Mfumaji asiyeuliza anajifumia mwenyewe.

Hadi hapa nimesema kwamba saa za mfumaji wa kujifurahisha hazimdai mtu. Maneno hayo yana hatari yake, maana wapo wanaoyapenda kwa sababu mbaya. Kuna wanawake wanaofuma ili wale. Wao wakisikia kwamba kufuma ni raha na raha haina bei, wanasikia mlango wa riziki yao ukifungwa. Historia ya kazi hii inatufundisha kutolichukulia jambo hilo kwa wepesi. Tangu William Lee wa Uingereza alipobuni mashine ya kufumia soksi mwaka 1589, saa za mfumaji zimekuwa zikishindana na chuma. Mwaka 1811 wafumaji wa Nottingham na maeneo ya jirani, ujira wao ukiwa umeshuka, walianza kuzivunja mashine. Mwaka uliofuata serikali ililipeleka bungeni pendekezo la kuwanyonga wavunjaji, na mshairi Lord Byron akasimama kulipinga. Watu hao saa zao zilikuwa unga na kodi ya nyumba.

Tuseme mwanamke anafuma sweta kwa saa 12. Uzi umemgharimu faranga 4,000. Akijihesabia faranga 500 tu kwa saa, sweta yake haiwezi kushuka chini ya 10,000. Sasa mimi, mwenye posho ya mzazi au kazi nyingine, nikiuza sweta kama hiyo kwa 5,000 kwa kuwa "mimi ninajifurahisha tu", nimefanya nini? Nimewafundisha wanunuzi kwamba saa 12 za binadamu ni bure. Furaha yangu imekuwa silaha dhidi ya jirani yangu, nami sikukusudia.

Kwa hiyo naona mipaka miwili iliyo wazi. Nikitoa, nitoe kabisa, bila kudai hata kuonyeshwa picha ya mtoto akiwa ameivaa. Nikiuza, niuze kwa bei ambayo mtu anayeishi kwa kazi hiyo angeweza kuishi nayo. Kinachodhulumu ni nusunusu: zawadi inayosubiri malipo, na biashara inayojifanya zawadi. Ya kwanza inamdhulumu mama aliyejifungua; ya pili inamdhulumu mfumaji mwenzangu.

Mtihani huja katika maombi ya kila siku. Shangazi huja na kusema, "Mwanangu, rafiki zangu kazini wamezipenda zile sweta. Nifumie tano, uzi nitaleta mimi." Analeta uzi, lakini saa 60 hazimo katika mfuko wake. Si mkorofi, hazioni tu, kama wengi wasivyoziona. Ninamjibu kwa heshima kwamba mtoto wake mwenyewe, au mjukuu, nitamfumia wala sitapokea hata uzi. Hao wa kazini ninampa namba ya mama mmoja mtaani kwetu anayefuma kwa riziki, na ninamtajia bei yake bila kuipunguza. Mara ya kwanza alinuna kidogo. Sasa humpigia mama huyo mwenyewe.

Je, neno letu guhemba limechanganya mambo? Siamini. Mama aliyejifungua amefanya kazi kuliko kazi yoyote, na anayefika na zawadi anaitambua kazi hiyo. Katika ziara ile anayelipwa ni yeye. Mimi nimekuja kulipa. Ndiyo maana siku hizi kila nguo ninayotoa naifungia kipande cha karatasi chenye mistari mitatu: umri inaomfaa mtoto, namna ya kuifua, na ombi kwamba ikimbana apewe mtoto mwingine. Jina langu siliandiki.