Amana Ndani ya Kompyuta

Kusakinisha lugha ya programu, yaani kuiweka katika kompyuta ili maagizo ya mwanadamu yaweze kutendwa na mashine, huonekana kuwa kazi ya ufundi tu, lakini ndani yake mna swali zito la amana: nani aaminiwe, na kwa kiasi gani?

Mtumiaji wa Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, anaweza kupokea toleo lililokaguliwa na watunzaji wa mfumo endeshi wake, au akachukua msimbo, yaani maandishi asilia ya programu, akajijengea toleo lake mwenyewe. Njia hii ya pili hudhaniwa kuwa uhuru kamili. Hata hivyo Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, katika mhadhara wa Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka 1984, alionyesha kwamba kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, inaweza kupandikiza hila ambayo haionekani katika msimbo wowote unaosomwa, hata ule wa kompaila yenyewe. Kwa hiyo anayejijengea naye huegemea mikono asiyoiona, na lililobaki katika uwezo wake ni kumchagua kwa hekima yule wa kumwamini.

Anayeamini naye huaminiwa. Katika mifumo mingi ya Linux, Python iliyokuja na mfumo hutegemewa na zana za mfumo huo, hivyo anayeibadilishia vifurushi, yaani programu za nyongeza, kwa haja yake binafsi anaweza kuziharibu zana hizo. Ndiyo maana Debian 12, mmoja wa mifumo hiyo, uliotolewa mwaka 2023, huizuia pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, isiguse Python hiyo ya mfumo, na humwelekeza mtumiaji kwenye mazingira pepe, yaani folda ya pekee yenye vifurushi vya kazi moja, ambamo anaweza kujaribu apendavyo bila kumdhuru mwingine.

Utunzaji nao haukomi siku ya kusakinisha, kwani Python 2 ilikoma kutunzwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na matoleo ya sasa hupewa marekebisho ya usalama kwa takriban miaka 5 tu. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ya vifurushi na namba za matoleo yake ndiyo daftari la mali hii, na anayeiandika kwa uaminifu humwezesha atakayerithi kazi yake kujua hasa amekabidhiwa nini.