Tembe Zilizobaki Kabatini
Kunapokucha mjini Kutus, maduka ya dawa na ya agrovet hufunguliwa mapema. Mzazi huulizia tembe chache za amoksilini kwa ajili ya mafua ya mtoto. Mfugaji naye hutaka dawa ya kumdunga ng'ombe aliyevimba kiwele. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haivigusi. Bakteria wengine mwilini ndio wanaoizoea. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya mwaka 1945 kuwa bakteria wanaweza kuizoea dawa yake.

Kenya ilizindua mpango wa kitaifa dhidi ya usugu huu wa bakteria kwa dawa mwaka 2017, watu na mifugo pamoja. Lakini karatasi ni karatasi; inahitaji macho mtaani.

Macho hayo ni wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchini, waliokabidhiwa mikoba ya kazi Septemba 2023. Hao huingia nyumbani, mahali ambapo tembe zilizobaki hufichwa kabatini, na wanaweza kuuliza: ulimeza siku ngapi?

Na maziwa? Ng'ombe akidungwa, hayapaswi kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Kiwanda kikipima na kukuta mabaki, hukataa mkebe mzima, na hapo ndipo mfugaji husoma kibandiko.