Damu ya Mtoto na Haki ya Kujua

Maadili ya utafiti wa afya yamejengwa juu ya ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa kinachofanyika, na tangu Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 ridhaa hiyo imechukuliwa kuwa jambo la mtu mmoja na mwili wake. Utafiti wa jeni, yaani vipande vya urithi ambavyo mtoto hupokea kwa mama na kwa baba, umeitia dhana hiyo majaribuni, kwa sababu tone la damu ya mtoto hutoa habari za watu ambao hawakuulizwa lolote.

Kilifi, katika pwani ya Kenya, swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa huko ndiko Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza walikoanzisha kituo cha pamoja mwaka 1989, na miongoni mwa maradhi yaliyochunguzwa hapo kwa muda mrefu ni seli mundu. Ugonjwa huu hutokana na badiliko dogo katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mgonjwa huchukua umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu na, pasipo matibabu, vifo vya utotoni. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, anayeitwa mbebaji, kwa kawaida haugui, na tena hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilitolea ushahidi mwaka 1954 baada ya kuona kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, na wachache katika nyanda za juu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Hesabu hiyo ya biolojia huweza kugeuka mashtaka. Mtoto akithibitika kuwa na seli mundu, na mume wa mama yake akapimwa asionekane na jeni hiyo, basi, ukiacha kosa la maabara na mambo mengine ya nadra, mtaalamu ana sababu ya kushuku kwamba baba mzazi ni mwingine. Hakuna aliyeomba uchunguzi wa ubaba: fomu ilizungumzia afya ya mtoto, na pengine aliyeitia sahihi ni mama huyohuyo ambaye sasa ndoa yake, makao yake na heshima yake vimo ndani ya bahasha ya majibu.

Je, anayekijua kitu analazimika kukisema? Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alikataza uongo hata kwa muuaji anayeuliza aliko mtu anayemsaka, lakini kukataza uongo si kuamuru kwamba kila kijulikanacho kitangazwe. Sheria ya Kiislamu imelitafakari jambo hili kwa kina zaidi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa hunasibishwa na mume. Tuhuma ya zinaa hudai mashahidi wanne, na anayemtuhumu mwanamke pasipo hao huadhibiwa yeye. Mume anayemkana mtoto huelekezwa kwenye liani, yaani kuapizana mbele ya kadhi, na Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu ya kimataifa, lilipokutana Makka mwaka 2002, liliamua kwamba uchunguzi wa vinasaba usitangulizwe mbele ya liani. Msomaji wa haraka ataona hapo woga wa sayansi, ilhali tafsiri yenye nguvu zaidi ni kwamba nasaba ni haki ya mtoto, isiyofaa kuvunjwa na habari iliyookotwa njiani wakati likitafutwa jambo jingine.

Kituo cha Kilifi kina mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii, pamoja na mpango wa kuwakutanisha wanafunzi na wanasayansi. Kazi ya namna hii huchukuliwa kirahisi kuwa pambo la utafiti, au dawa ya uvumi wa mumiani, wale wanyonya damu wa masimulizi ya pwani, uvumi ambao wengi huuita ujinga ingawa una hoja ndani yake: damu ikishatoka mwilini huenda asikofika mwenyewe. Katika seli mundu, elimu itokanayo na kazi hii ina makali pande mbili. Pale ambapo ugonjwa wa mtoto huhesabiwa kuwa kosa la upande wa mama, kueleza kwamba baba amechangia sawasawa humwondolea mama lawama, lakini maelezo hayohayo humpa mume mwenye shaka kipimo ambacho hakuwa nacho. Haifuati kwamba elimu izuiwe. Kinachotakiwa ni kwamba itangulie. Urithi uelezwe kwa wote kabla ya sindano, itajwe wazi kwamba kituo kitasema juu ya matibabu ya mtoto wala hakitahukumu ubaba, na kila mzazi apimwe kwa hiari yake na kwa faragha. Ukimya uliotangazwa mapema si udanganyifu, kwani aliyekubali ameujua.

Ukimya huo, hata hivyo, una ukomo. Mtoto mbebaji hana haja kubwa ya majibu yake akiwa na miaka mitatu, lakini atakapotaka kuoa au kuolewa atayahitaji, na ridhaa iliyotolewa kwa niaba yake haiwezi wakati huo kuwa neno la mwisho. Taasisi iliyohifadhi sampuli yake miaka yote hiyo inapaswa kuwa imemwandalia njia ya kurudi na kuuliza mwenyewe, bila kulazimika kupitia kwa yeyote kati ya wawili waliomlea.