Saa Moja Baina ya Magharibi na Isha

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu wahudhuriao darsa yetu: mtu atokaye nyumbani alfajiri kwenda kutafuta riziki, naye akarejea jioni hana nguvu, atawalea vipi wanawe malezi ya Kiislamu? Swali hili ni la haki, wala hatuoni kuwa lafaa kujibiwa kwa lawama. Maisha ya miji yetu yamegeuka. Baba yuko bandarini au dukani, mama naye yuko kazini au ashughulika na mahamri ya kuuza, na watoto hutoka shule wakaingia madrasa.

Lakini madrasa haikuwekwa iwe badala ya wazee. Mwalimu humfundisha mtoto herufi na hukumu za udhu. Ama namna mtu mzima azuiavyo ghadhabu yake, au asemavyo na mkewe, hayo huonekana nyumbani tu. Katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujikinge na Moto sisi na watu wetu, wala hakumtoa katika amri hiyo mwenye shughuli nyingi.

Na ni nani aliyekuwa na shughuli kumshinda Mtume wetu (s.a.w.)? Alikuwa imamu, hakimu na mkuu wa jeshi. Juu ya hayo, Bibi Aisha alipoulizwa afanyalo nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wake mpaka ufike wakati wa Sala. Siku moja alirefusha sijida hata maswahaba wakadhani limezuka jambo. Kumbe mjukuu wake amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Na Umar bin Abi Salama, aliyelelewa naye, alifunzwa adabu pale pale chakulani, mkono wake ulipokuwa ukizunguka chombo kizima: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho karibu naye. Mafunzo matatu kwa mara moja, na chakula chaendelea kuliwa! Hakukuhitajiwa wakati mwingine.

Basi na tuutazame wakati tulio nao. Hapa pwani, baina ya Magharibi na Isha hupatikana saa moja na dakika chache, na kwa kuwa tu karibu na ikweta, muda huo haubadiliki sana mwaka mzima. Wengi wetu tumekwisha rudi kazini. Saa hiyo yaenda wapi? Ya wanaume yaenda barazani, kwenye kahawa, siasa na mpira. Na nyumbani kila mtoto ameinamia simu. Hatusemi baraza ni haramu, nayo ina kheri zake, na sisi pia twaikalia. Twasema ingoje mpaka baada ya Isha. Baba na amchukue mwanawe msikitini, warudi pamoja, wale sinia moja, na simu ziwekwe kabatini, ya baba ikiwa ya kwanza. Kwani mtoto hufuata jicho la mzee wake kabla ya kusikiza maneno yake.

Vya kusoma havikosekani. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, yatosha nyumba nzima: aya mbili tatu kila usiku, mtoto asome, mzee aeleze. Kwa wadogo viko vitabu vya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Ajabu ni kuwa twanunua nguo za Idi kwa fedha nyingi, na kitabu hutushinda bei.

Na wenye mabinti wasiusahau utendi wa Mwana Kupona binti Msham, alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mama yule alikuwa mjane na mgonjwa, na hali hiyo haikumzuia kumketisha bintiye karibu na kumwachia wasia. Yamo humo, khasa katika mambo ya mke na mume, ambayo binti wa leo atayauliza maswali. Na aulize, mama asiyakimbie maswali hayo, wala asimwambie angoje mpaka aolewe.